Kuosha Gari na Kufunika Gari



Ndugu msomaji, suala ninalotaka tulitafakari ni dogo kwa sura, lakini wengi wetu litatukuta mapema kuliko masuala ya mirathi. Mtu ana gari kuukuu na anataka kuliuza. Kabla ya kumwita mnunuzi, analiandaa ili lipate bei nzuri. Je, maandalizi hayo yanaacha wapi kuwa mapambo na kuanza kuwa udanganyifu? Na mtu ambaye hakutamka uongo hata mmoja, anaweza kuwa amedanganya?

Usiseme kwamba hili ni la madalali na wewe halikuhusu. Kila mwisho wa muhula mabwenini kwetu zinauzwa kompyuta ambazo betri zake hazidumu saa moja, na simu zilizobadilishwa kioo. Hukumu yake ni ile ile. Nimechagua gari kwa sababu kasoro ya gari inaweza kuondoa roho ya mtu, na kwa sababu ndilo jambo nililolishuhudia kwa karibu.

Ninasoma uhandisi wa mitambo. Likizo zangu ndefu nimekuwa nikizimalizia Juba, kwa mjomba wangu, mzaliwa wa Mombasa mwenye gereji ndogo upande wa Bilpam. Eneo hilo linajulikana kwa makao makuu ya jeshi, na jina lenyewe lilitoka Ethiopia, karibu na mpaka, ambako SPLA ilikuwa na kambi yake ya mwanzo mwaka 1983. Gereji za huko zinakusanya watu wa kila upande: Waganda, Wakenya, Wakongo, na wenyeji waliokulia kambi za wakimbizi za Kenya na Uganda. Ndani mnasikia Kiswahili, na mteja akiingia mazungumzo yanahamia Kiarabu cha Juba. Magari mengi yanayofika hapo yametoka Japani kwa meli hadi Mombasa, yakapita Kampala na Gulu, kisha yakaingia kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012. Likifika Juba, gari limekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja alipoliuza alisema neno lile lile: mafi mushkila, yaani hakuna tatizo.

Katika gereji hiyo nimeona kazi za aina tatu zikifanywa kwa gari linalotaka kuuzwa. Ya kwanza ni kuosha: kusafisha viti, kung'arisha bodi, kutoa vumbi kwenye injini. Ya pili ni kutengeneza: kubadili oili na filta, kuweka pedi mpya za breki, kurekebisha taa. Ya tatu nitaiita kufunika. Kufunika ni kumwaga oili nzito ili injini iliyochoka isitoe moshi kwa siku mbili tatu. Ni kuzima taa ya tahadhari kwenye dashibodi bila kugusa tatizo lililoiwasha. Ni kujaza puti na kupaka rangi juu ya chuma kilichokwisha kuliwa na kutu. Ni kurudisha nyuma kilomita ili gari lililozunguka nusu ya Afrika Mashariki lionekane limetoka bandarini juzi.

Kuhusu aina mbili za kwanza sioni shida yoyote. Uislamu haukumtaka muuzaji alete mali yake sokoni ikiwa na tope. Usafi ni katika dini yetu, na anayetengeneza breki kabla ya kuuza amemfanyia mnunuzi hisani na ana haki ya kuongeza bei. Tena kuosha mara nyingi kunafichua: injini safi inaonyesha mahali oili inapovuja, ilhali injini yenye matope inaficha. Tatizo lipo katika aina ya tatu, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba kwa macho ya haraka aina hizi tatu zinafanana. Rangi ni rangi.

Sote tunaikumbuka hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipouliza, mwenye mali akaeleza kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba anayedanganya si katika wafuasi wake. Hadithi hii huwa tunaisoma haraka. Tuangalie yule mtu alifanya nini hasa. Katika masimulizi hayo hatuambiwi kwamba alisema uongo. Hata alipoulizwa alijibu ukweli papo hapo. Mvua pia haikuwa kosa lake. Kilicholaumiwa ni mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Rundo lenyewe lilikuwa linazungumza, na lilikuwa linasema uongo kwa niaba ya mwenyewe.

Hadithi nyingine ni ya mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende. Hapa tena hakuna aliyetamka neno. Kiwele ndicho kilichodanganya.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, walilipanua jambo hili kwa kipimo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anataja katika Minhaj mifano ya mambo yenye hukumu kama ya kiwele kilichojazwa. Mmoja ni kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha kuyaachia wakati wa mauzo ili yaonekane yana nguvu. Mwingine ni wa zama za utumwa: kuzipaka rangi nyeusi nywele za mtumwa ili aonekane kijana. Katika yote mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini anaongeza mfano mmoja wa kushangaza: mtu akimpaka mtumwa wino kwenye nguo ili ionekane anajua kuandika, basi kwa kauli yenye nguvu zaidi mnunuzi hana haki ya kurudisha. Sababu iko wazi. Wino kwenye nguo ni dalili dhaifu mno. Mnunuzi angeweza kumpa kalamu akamjaribu, na asipofanya hivyo amezembea mwenyewe.

Nimeufikiria sana mfano huu wa wino, kwa sababu wauzaji wengi wa magari wangependa kujificha nyuma yake. Watasema: mnunuzi ana macho, angekuja na fundi. Na kweli ziko kasoro ambazo ni juu ya mnunuzi kuziona. Sudan Kusini watu huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari yatokayo Kenya na Uganda usukani wake uko kulia, jambo linalomfanya dereva asione vizuri anapotaka kulipita lori. Hilo halifichiki, na anayenunua amelikubali. Lakini oili nzito haifanani na wino. Inafanana na maji ya kinu: inabadilisha jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi mbele ya mnunuzi, kwa muda wa kutosha tu ili alipe. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni nywele zilizopakwa rangi. Tena tukumbuke kwamba kukosa haki ya kurudisha si sawa na muuzaji kukosa dhambi. Kadhi anaangalia mkataba, lakini moyo una hesabu yake kwa Mola.

Mjadala huu haukuanza kwetu. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Mrumi Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu wa mtu, na humo anasimulia hoja za wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba anayojua ina kasoro ambazo hakuna mwingine anayezijua. Diogenes anaona kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu, na ambaye hata hakuisifu nyumba yake hawezi kuitwa mdanganyifu. Antipater anaona kwamba kunyamaza hapo ni kama kumwacha aliyepotea njia aendelee kupotea, tena ni kubaya zaidi, kwa sababu unamwingiza mwenzako kosani ukijua. Cicero alimuunga mkono Antipater, akatofautisha kati ya kunyamaza tu na kuficha. Kuficha ni kutaka, kwa faida yako, asijue yule ambaye ingemfaa kujua.

Wako wanaoona wamepata njia ya kutokea. Wanaandika kwenye mkataba kwamba gari linauzwa kama lilivyo na muuzaji hahusiki na kasoro yoyote. Jambo hili nalo ni la zamani, na Imam Malik amelihifadhi katika Muwatta. Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutohusika na kasoro. Baadaye mnunuzi akadai kwamba yule mtumwa alikuwa na maradhi ambayo hakutajiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), ambaye hakuishia kwenye sharti la mkataba. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, naye akamuuza kwa dirhamu 1500.

Wanachuoni wametofautiana juu ya sharti hilo. Imam Abu Hanifa amelipa nafasi pana, na Imam Shafi na Imam Malik wamelibana. Lakini swali la Uthman ndilo la kulishika: ulijua au hukujua? Sharti la kama lilivyo lina maana nzuri pale ambapo wote wawili, muuzaji na mnunuzi, hawajui kilichomo ndani ya gari kuukuu, na wanakubaliana nani abebe hatari hiyo. Muuzaji anayejua hagawani hatari na mtu. Anamhamishia mwenzake hasara ambayo tayari imeshatokea.

Hoja nyingine ni ngumu zaidi, na nisingependa kuikwepa. Inasema hivi: kila mtu sokoni anafunika. Mnunuzi analijua hilo, na kwa hiyo anatoa bei ndogo akikadiria kwamba gari lina ubovu uliofichwa. Mimi nikisema ukweli, atanipunguzia mara mbili: mara moja kwa kasoro niliyoitaja, na mara ya pili kwa zile anazodhani nimezificha. Basi kufunika ni kulipiza tu upunguzaji ambao umeshafanyika.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, alilichambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliyakataa makala hayo kabla ya kuchapishwa, na mwaka 2001 Akerlof akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati. Bei hiyo inamuumiza mwenye gari zima, naye anaacha kuuza. Wanabaki wenye magari mabovu, bei inashuka tena, na mwisho soko lenyewe linaweza kufa. Kwa hiyo ni kweli kwamba mkweli anaumia. Lakini tuulize ni nani aliyemuumiza. Kila anayefunika anachota katika imani ambayo wengine wote wanaihitaji ili wauze. Kusema kwamba kila mtu anafanya ni kueleza jinsi madhara yalivyo makubwa, na hakumpi mtu ruhusa ya kuyaongeza. Isitoshe, si kila mnunuzi anaijua lugha ya soko. Dalali mzoefu anajua mafi mushkila ina maana gani. Mwalimu aliyekusanya akiba ya miaka minne anaichukua kama ilivyotamkwa.

Hili si nadharia kwangu. Likizo ya mwaka jana alikuja kijana mmoja, Mwislamu mwenzetu, dereva wa teksi. Dada yake alikuwa anasubiri upasuaji Kampala na fedha zilikuwa hazijatimia. Gari lake lilikuwa zuri kwa macho, lakini gia boksi ilikuwa inateleza injini ikipata moto. Akamwomba mjomba alitie dawa ya kulipitisha siku ya majaribio. Mjomba akamwambia, "Mwanangu, nitakuoshea bure, na nitakuandikia gia boksi mpya inagharimu kiasi gani ili mnunuzi aone. Lakini siwezi kulifunga mdomo." Kijana akaondoka, akapata fundi mwingine, na ndani ya wiki moja gari likauzwa.

Baada ya miezi miwili mnunuzi akaletwa kwetu na gari likivutwa kwa kamba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkristo, na hakujua kwamba tunalifahamu lile gari. Mjomba angeweza kulipwa kwa kutengeneza na kunyamaza. Alimweleza alichokijua, na akamwambia kwamba akitaka kulipeleka shauri kwa wazee atakwenda kutoa ushahidi. Walikwenda. Kijana akarudisha sehemu ya fedha kwa mafungu, na tangu siku hiyo yeye na jamaa zake hawaleti gari kwenye gereji yetu. Msikitini baadhi ya watu walimlaumu mjomba kwamba amemuumbua ndugu yake Mwislamu mbele ya asiye Mwislamu.

Lawama hiyo nimeifikiria kwa uzito, kwa sababu waliosema hawakuwa wajinga na kusitiriana ni amri ya dini. Lakini stara ni ya aibu ya mtu, si ya mali ya watu iliyochukuliwa isivyo haki. Ile hadithi ya rundo la chakula nayo haikutaja dini ya mnunuzi. Imam Ghazali katika Ihya anasimulia kisa cha sahaba Wathila bin Al-Asqa (r.a.), aliyekuwa amesimama penye mauzo ya ngamia jike kwa dirhamu 300. Alighafilika, mnunuzi akaondoka na mnyama. Wathila akamkimbilia akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari. Aliposema ni kwa safari, akamfahamisha kwamba unyayo wa ngamia huyo una tundu na hataweza kufululiza mwendo. Mnunuzi akarudi, bei ikapunguzwa dirhamu 100, na muuzaji akalalamika kwamba ameharibiwa biashara. Wathila akajibu kwamba wao walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa suala letu. Kwanza, wajibu wa kubainisha haumhusu muuzaji peke yake. Wathila hakuwa muuzaji wala dalali, alikuwa anajua tu. Fundi anayelipwa ili afunike yumo zaidi, kwa sababu Qur'ani imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Sisi tunaosomea uhandisi, uhasibu na sheria tujiandae, kwani kazi zetu nyingi zitakuwa za yule fundi wa pili. Pili, swali lake lilikuwa la kumjali mtu: unamtaka ngamia kwa kazi gani? Tundu la unyayo si kasoro kwa mchinjaji. Gari lisiloweza kwenda Nimule linaweza kumfaa anayezunguka mjini, na anayetafuta vipuri hajali rangi. Kusema ukweli hakumaanishi kulaani mali yako. Kunamaanisha kulipeleka gari kwa mtu ambaye linamfaa, kwa bei ya jinsi lilivyo.

Kwa kuzingatia haya yote, napendekeza kipimo kimoja chepesi. Chukua jambo ulilolifanya kwenye gari, kisha ujiulize: nikimtajia mnunuzi, faida yake itabaki? Ukimwambia umelisafisha na kulipiga polishi, bado linang'aa. Ukimwambia umebadilisha tairi mbili na hii hapa risiti, thamani inaongezeka. Ukimwambia umevalisha viti vitambaa vipya kwa sababu vya zamani vimechanika, vitambaa bado vinafaa. Lakini ukimwambia umetia oili nzito ili moshi usionekane, faida yote imekufa pale pale. Jambo ambalo faida yake inakufa likitajwa halikufanywa kwa ajili ya gari. Limefanywa kwa ajili ya macho ya mtu.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hata shida yangu ya fedha nikiitaja bei itashuka, basi na hiyo niitangaze? La. Kipimo hiki ni cha mali inayouzwa. Mnunuzi ananunua gari, hainunui hali yangu. Yule kijana hakuwajibika kusema habari za dada yake. Aliwajibika kusema habari za gia boksi.

Najua kipimo hiki kina gharama. Sitaahidi kwamba mkweli atapata bei kubwa zaidi, maana mara nyingine hapati. Imepokewa kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Baraka haikuelezwa kuwa ni wingi. Dada wa yule kijana alistahili kupona, na jamii yetu ilistahili kumchangia kabla ndugu yake hajafikia kumtwisha mwalimu maskini gharama ya upasuaji. Hapo ndipo nadhani lawama ya msikitini ingeanzia: si kwa nini fundi alisema, bali kwa nini kijana alifika kwa fundi kabla ya kufika kwetu.

Basi ndugu yangu, siku utakapouza chochote, kioshe, kitengeneze kadiri ya uwezo wako, panga karatasi zake na risiti zake, kisha andika kasoro unazozijua na mkabidhi mnunuzi kabla hajatoa fedha. Na akikuuliza lolote, mjibu kwa unachokijua.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.